Kifaa cha Kisukari Kijue Saa za Mvuvi

Saa ya mkononi inayomhimiza mgonjwa wa kisukari alale saa nne usiku haimfai mvuvi wa Nchelenge. Kwenye ufuko huu wa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, Zambia, chisense, yaani dagaa wadogo wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi anapiga kasia wakati programu inadhani amelala, na analala wakati inamsihi atembee. Baada ya siku chache za kukaripiwa bure ataivua saa hiyo.

Kwa anayetumia insulini, kosa hilo ni la hatari. Msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na huendelea kuivuta saa kadhaa baada ya kazi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutetemeka, hutokwa jasho na kuchanganyikiwa. Mtumbwini gizani, hayo yanaweza kumuua. Kwa hiyo kifaa kimuulize kabla ya jua kutua: leo unaingia ziwani? Akijibu ndiyo, kimkumbushe kupima, kula, na kubeba sukari gramu 15, yaani takriban vijiko vinne vya chai. Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, kasia hutulia lakini ugali wa mihogo huendelea kuliwa. Malengo ya kifaa nayo yabadilike.

Kuna pia suala la damu yenyewe. Nchelenge ina malaria nyingi, na malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Zikipungua, vipima sukari vingi vya kutoboa kidole husoma juu kuliko hali halisi. Mgonjwa akiiamini namba hiyo na kuongeza insulini, sukari itaporomoka. Vipo vipima sukari vinavyokadiria wingi wa chembe hizo na kusahihisha jibu. Wilaya zenye malaria ndizo zinazovihitaji zaidi.

Vijiti vya kupimia sukari navyo huharibiwa na unyevu na joto kali. Kichupa kikiachwa wazi juani, karibu na samaki walioanikwa, majibu yake hayaaminiki. Hata kidole chenye maji ya embe hupandisha namba, hivyo mtu anawe mikono na kuikausha kwanza.

Si lazima teknolojia iwe ya bei ghali. Mwaka 2014 Senegal iliwatumia wenye kisukari ujumbe mfupi wa simu kuhusu kufunga Ramadhani kwa usalama. Ushauri huo ulifuata kalenda ya watu wenyewe. Nchelenge inaweza kufanya vivyo hivyo kwa sauti ya Kibemba, kwenye simu ya kitochi inayokaa na chaji siku kadhaa.

Anayetaka kubuni kifaa cha watu hawa aanzie ufukoni Kashikishi, hukohuko Nchelenge, jioni, mitumbwi inapoandaliwa. Awaulize wavuvi wanakula saa ngapi, wanalala lini na simu wanaichajia wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokifanya kifaa chake kiwe na akili.