Itifaki za Upangaji Njia katika Swichi za Mtandao: Mfano wa Reli ya Mutshatsha

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi itifaki za upangaji njia zinavyofanya kazi katika swichi ya mtandao wa kompyuta, pamoja na mipangilio ambayo fundi hana budi kuikagua kabla ya kuziamini. Mfano umechukuliwa kutoka Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi katika jimbo la Lualaba, mahali ambapo historia imeonyesha maana ya njia kukatika.

Mwaka 1931 reli ya Katanga iliunganishwa na reli ya Benguela. Shaba ikapata njia fupi ya kufikia bandari ya Lobito nchini Angola, kwa kupitia Kolwezi, Mutshatsha na Dilolo. Vita vya Angola vya mwaka 1975 viliifunga njia hiyo. Hata hivyo, shaba haikukoma kusafirishwa. Sehemu yake ilipelekwa kwa reli hadi Ilebo, ikapakiwa katika vyombo vya mtoni hadi Kinshasa, kisha ikapakiwa tena katika treni hadi Matadi. Sehemu nyingine ilipitia Zambia kuelekea bandari za kusini mwa Afrika. Mabadiliko hayo yalihitaji mikataba, barua na ratiba mpya. Itifaki hufanya uamuzi wa aina hiyo ndani ya sekunde chache, bila kumsubiri mtu.

2.0 Dhana za Msingi

Swichi ya kawaida husafirisha data ndani ya mtandao mmoja tu. Swichi ya tabaka la tatu huweza pia kuunganisha mitandao mbalimbali, kama kifanyavyo kipanga njia. Ili kufanya hivyo huweka jedwali la njia, linaloonyesha kila mtandao na jirani wa kupitia. Fundi akilijaza jedwali hilo kwa mkono, njia huitwa tuli. Vifaa vikilijaza vyenyewe kwa kupashana habari, njia huitwa badilifu.

Neno itifaki, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya mapatano, na maana hiyo inafaa sana hapa. Hakuna kifaa kinachoiona njia nzima kwa macho yake. Kila kimoja hutegemea yale yanayosemwa na wenzake. Kwa hiyo ubora wa itifaki hupimwa kwa ukweli wa habari zinazopita na kwa wepesi wake.

3.0 Namna Mbili za Kupashana Habari

Namna ya kwanza ni ile ya RIP, iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 1988. Kila baada ya sekunde 30 kifaa huwatangazia majirani mitandao kinayoijua na idadi ya hatua za kuifikia. Udhaifu wake hudhihirika njia inapokatika. Ichukuliwe kwamba Kolwezi, Mutshatsha na Kasaji zina swichi zilizofuatana, na Kasaji iko hatua moja kutoka Dilolo. Kiungo cha Kasaji na Dilolo kikikatika, Mutshatsha, ambayo haijapata habari, huendelea kutangaza kwamba inaifikia Dilolo kwa hatua 2. Kasaji huamini na kuandika 3, bila kujua kwamba njia hiyo inapita kwake yenyewe. Mutshatsha nayo huandika 4, Kasaji 5, na uvumi huo huendelea hadi 16, idadi ambayo RIP huihesabu kuwa haifikiki. Dawa mojawapo ni kanuni ya kutomrudishia jirani habari iliyotoka kwake.

Namna ya pili ni ile ya OSPF. Hapa kila kifaa hutangaza viungo vyake tu pamoja na gharama zake, na tangazo hilo huwafikia wote katika eneo lao. Hivyo wote huwa na ramani moja, kisha kila mmoja hukokotoa njia yenye gharama ndogo kwa mbinu ya Edsger Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959. Kuhesabu gharama badala ya hatua kuna faida kubwa. Njia ya Ilebo haikuwa ghali kwa urefu wake pekee. Mzigo ulishushwa na kupakiwa upya mara mbili.

4.0 Mipangilio ya Kukaguliwa

Katika OSPF mambo manne yanastahili uangalifu. Kwanza, kila swichi iwe na kitambulisho kisichofanana na cha nyingine. Pili, majirani wakubaliane kuhusu namba ya eneo na vipindi vya salamu. Kwa kawaida ya Etherneti, salamu hutumwa kila baada ya sekunde 10, na jirani asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa kuwa ametoweka; vipindi vikitofautiana, ujirani hauundwi. Tatu, milango inayoelekea kwa watumiaji inyamazishwe, isitume salamu wala kuunda ujirani. Nne, matangazo yathibitishwe kwa ufunguo wa siri. Bila hilo, mgeni yeyote aweza kudai kuwa ana njia fupi, na data ikamwendea.

5.0 Hitimisho

Itifaki huchagua njia, haijengi njia. Agosti 2023 maporomoko katika korongo la mto Kongo chini ya bahari yalikata nyaya za WACS na SAT-3. Mtandao wenye njia ya pili huweza kuhama katika hali kama hiyo, lakini unaotegemea waya mmoja hauwezi kuokolewa na mipangilio yoyote. Reli ya Benguela ilifunguliwa upya rasmi mwaka 2015, na mwaka 2018 madini ya Kongo yalianza tena kufika Lobito kwa treni. Kwa miaka mingi ya katikati, jedwali la Mutshatsha lingekuwa na mwelekeo mmoja tu, wa Kolwezi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni itifaki ipi itumike, mpangaji wa mtandao aulize kwanza iwapo kuna njia zaidi ya moja za kuchagua.