Majengo ya Zamani na Gharama ya Kupoza Hewa

Mtu apitaye adhuhuri mbele ya ofisi za umma mjini Juba aghalabu husikia ngurumo ya jenereta kabla hajaufikia mlango. Mwaka 2019 mji huo ulipata kituo cha umeme cha megawati 33, lakini nacho kilijengwa kuendeshwa kwa mafuta. Hivyo kila kiyoyozi kina gharama yake, na fedha zinazochomwa kupoza chumba cha karani ndizo ambazo zingaliwasha taa za wodi usiku.

Majengo yaliyoachwa na utawala wa pamoja wa Waingereza na Wamisri yalijengwa kabla viyoyozi havijaenea. Mafundi wa wakati ule walitegemea kuta nene, dari za juu, madirisha yanayokabiliana na baraza pana. Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta. Mwanzoni mwa Aprili, na tena katika Septemba, jua la adhuhuri huwa utosini. Joto kubwa, basi, hushuka kutoka paani, na lile la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Baraza ndiyo ngao ya kuta hizo. Inapozibwa kwa matofali ili ipatikane nafasi ya meza mbili, ofisi hupoteza kivuli chake, na hapo ndipo barua ya kuomba kiyoyozi huandikwa.

Kazi ya kwanza ya fundi ni kuirudishia baraza uwazi wake na kufungua matundu ya hewa yaliyozibwa. Kisha hupanda paani. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na nafasi iliyo baina ya bati na dari, ikiwa na matundu, huitoa hewa ya moto nje. Feni ya dari hutumia takriban wati 75, ilhali kiyoyozi cha chumba kimoja hutumia wati 1,000 au zaidi. Kuta nene nazo hupoa ikiwa madirisha yatafunguliwa usiku na kufungwa mchana. Lakini kituo cha polisi au ghala la dawa haliwezi kuachwa wazi, kwa hiyo nondo imara na wavu wa mbu ni sehemu ya hesabu.

Unguja imeonyesha kwamba si kila ukarabati huanza kwa rangi. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lina baraza pana na lilikuwa jengo la kwanza kisiwani kupata umeme. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Uimara wa kuta na boriti hupimwa kabla ya kazi nyingine yoyote. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta.

Paneli za jua huja mwisho, baada ya paa kuthibitishwa kwamba laweza kuubeba uzito wake. Jengo lililokwisha kupata kivuli na hewa huhitaji paneli chache na betri ndogo. Familia zinazoishi katika nyumba za kambi zenye mabati moto zaweza kuanza kwa chokaa nyeupe juu ya paa, kabla ya kiangazi cha Januari hadi Machi.