Ndege ya Milia na Vipuri Vinavyostahili Fedha Yako

Ukitoka Karatu, ukapita lango la Lodoare na kupanda hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, utalikuta kaburi la mawe la Michael Grzimek. Alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege yake kugongana na tumbusi angani. Baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987, amepumzishwa hapohapo. Ndege ile ilikuwa Dornier Do 27, usajili D-ENTE, iliyopakwa milia ya pundamilia. Waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Kwa sisi tunaounda modeli, sioni ndege iliyoruka anga ya Tanzania inayostahili kuundwa zaidi ya hii.

Ukishaamua kuiunda, swali la fedha linakuja mapema. Je, vipande vya plastiki vilivyomo kwenye boksi vinatosha, au uongeze vipuri vinavyouzwa pembeni, kama viti vya rezini, mabati membamba ya shaba, magurudumu na stika? Kampuni kama Eduard ya Cheki zimejijengea jina kwa vitu hivyo. Tatizo ni kwamba ukijumlisha bei, usafirishaji na ushuru, vipuri huweza kugharimu kuliko boksi lenyewe. Msimamo wangu ni kwamba vingi havilipi, ila vichache vinalipa sana.

Anza na vipimo. Do 27 ina mita 12 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Kwa uwiano wa 1/72 inabaki karibu sentimita 17. Saa ya dashibodi yenye upana wa sentimita 8 inakuwa milimita moja na kidogo. Upande mwingine, kiwanda hakiwezi kumwaga plastiki nyembamba kama bati halisi. Mkanda wa kiti wenye unene wa nusu milimita kwenye modeli ni sawa na mkanda wa sentimita 3.6 kwenye ndege yenyewe, yaani mnene kuliko godoro la kambini. Hapo ndipo shaba inaposhinda: mikanda, antena, pedali. Lakini shaba ni bapa. Ukiitumia kwa usukani au mpini wa mviringo, itaonekana kama picha iliyokatwa kwa mkasi, na plastiki ya boksi itakuwa bora kuliko ulichokinunua.

Halafu jiulize jicho litaona nini. Do 27 ina vioo vipana pande zote, kwa hiyo viti na dashibodi vitaonekana hata rafu ikiwa mbali; viboreshe. Injini yake ya Lycoming imejificha ndani ya kifuniko. Injini nzuri ya rezini utaifunika wewe mwenyewe kwa gundi, na hakuna atakayeiona tena. Kumbuka pia uzito: rezini ni nzito, na miguu ya ndege hii ni myembamba. Ukijaza rezini ndani bila kuimarisha miguu kwa waya wa chuma, itatanuka taratibu hadi tumbo likaribie meza.

Rezini na shaba havishikwi na gundi ya plastiki, kwa sababu gundi hiyo hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki. Tumia supagluu. Unaposugua rezini, lowesha msasa na uvae barakoa, kwani vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Hili silifanyii mzaha, hasa kwa vijana wanaofanyia kazi chumba wanacholala.

Kipuri ambacho ningekilipia bila kusita ni karatasi zilizokatwa tayari za kufunika vioo wakati wa kupuliza rangi. Kwa ndege yenye vioo vingi namna hii, zinaokoa kazi yote.

Stika za milia zinahitaji tahadhari. Pundamilia hawafanani, na D-ENTE ilipakwa milia kama yao. Stika ambayo upande wa kushoto ni nakala kamili ya upande wa kulia inatia shaka. Linganisha kwanza na filamu ya *Serengeti darf nicht sterben* ya mwaka 1959, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, maana ndege yenyewe imo ndani yake. Zisipolingana, chora kwa brashi. Mstari wa sentimita 10 unakuwa milimita 1.4 kwa 1/72, lakini kwa 1/32 unakuwa milimita 3, kazi inayowezekana kwa mkono uliotulia.

Vumbi la magurudumu lisikugharimu chochote, ila lisiwe jekundu la Karatu. Tambarare za nyasi fupi ambazo Michael aliruka juu yake zimefunikwa na majivu ya volkano, na vumbi lake ni la kijivu. Udongo wa hifadhi hauchukuliwi. Saga chaki nyeupe, changanya na mkaa kidogo, chekecha kwa kitambaa chepesi.