Mgeni Akiumia Nyumbani, Lawama Ni ya Nani?

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Bahati mpaka Umoja na Kayole, Jumapili haipiti bila hodi mlangoni: ndugu kutoka mashambani, wenzi wa chama cha kuchanga fedha, watoto wa jirani. Lakini mara nyingi njia apitayo mgeni ina hatari ambayo wenyeji wamekwisha kuizoea. Kifuniko cha mtaro kimeibwa, ukingo wa ngazi umelegea, taa ya ujia haiwaki tangu mwezi uliopita. Mwenyeji hupita gizani asijikwae, kwa kuwa mguu wake waijua njia. Mgeni haijui.

Mathalani mzee mmoja aja kumtazama bintiye katika nyumba ya ghorofa nne, akanyaga kidato kilichovunjika, aanguka na kuvunjika nyonga. Watu husema ni bahati mbaya, nao huchanga fedha za hospitali. Kuchanga ni jambo jema, lakini sheria ya Kenya haiishii hapo.

Sheria yenyewe ni ile ya wajibu wa wenye kukalia majengo, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Yasema kwamba mwenye kuitawala nyumba yampasa kuwa na uangalifu ufaao, ili kila mgeni aliyeingia kwa ruhusa awe salama katika shughuli iliyomleta. Hodi iliyojibiwa "karibu" ni ruhusa ya kutosha. Ila aliyekaribishwa chumbani hakukaribishwa kupanda juu ya paa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mpangaji hudhani kwamba, nyumba isipokuwa mali yake, hana lawama. Naye mwenye nyumba hudhani kwamba akiisha kupokea kodi, yaliyobaki ni ya mpangaji. Sivyo. Sheria haitazami hati ya nyumba tu. Yauliza ni nani aliyekuwa na uwezo juu ya mahali pale. Huko Uingereza mgeni mmoja alianguka usiku katika ngazi ya nyumba ya pombe mjini Great Yarmouth, akafa. Ukingo wa ngazi ulikuwa mfupi na balbu haikuwapo. Mwaka 1966 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba kampuni yenye nyumba na msimamizi aliyekaa humo, wote wawili walikuwa na wajibu kwa mgeni yule. Mjane wake hakupata fidia, maana uzembe haukuthibitika. Lakini kanuni ilisimama.

Katika nyumba za ghorofa za Eastlands, kwa kawaida ngazi na ujia hubaki mikononi mwa mwenye nyumba, na chumba mikononi mwa mpangaji. Mitaa ya zamani kama Kaloleni na Jericho ilikuwa ya Baraza la Jiji, na tangu 2013 imekuwa chini ya Serikali ya Kaunti. Huko wapangaji wengi wameongeza vyumba vya mabati uani. Aliyejenga chumba kile na kuvuta waya wa umeme kupitia dirishani ndiye autawalaye, na waya ukimpiga mgeni ni vigumu kwake kuinyoshea Kaunti kidole.

Kuandika "Hatari" ukutani peke yake hakutoshi, ila onyo liwe la kumwezesha mgeni kuiepuka hatari yenyewe. Tena mwenyeji hana budi kutazamia kwamba watoto hawana hadhari ya watu wazima; mtoto wa miaka minne hasomi. Kwa upande mwingine, mgeni aliyeliona shimo akajaribu kuliruka kwa majivuno hupunguziwa fidia kwa kadiri ya kosa lake.

Kesi ya namna hii yapasa kufikishwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya kuumia. Wengi huona haya kushitaki, wakidhani watawashitaki jamaa zao. Yule mzee hana haja ya kumshitaki bintiye, kwani ngazi si ya bintiye. Na ikiwa binti alimwandikia mwenye nyumba barua juu ya kidato kile, akaweka nakala, barua hiyo ni ushahidi mkubwa. Ni vema pia kidato kipigwe picha kabla fundi hajafika, na karatasi za hospitali ziwekwe, pamoja na jina la jirani aliyemwona mzee akianguka.