Mama ni nesi, mbona hanikumbatii?

Je, mzazi wako ni nesi au daktari? Basi huenda unakumbuka UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020. Mama anatoka zamu, anavua viatu nje, anakwenda kuoga moja kwa moja, na hataki umkaribie. Wengine walilala chumba cha peke yao wiki nzima. Walikuwa wamewachoka watoto wao? Hapana!

Wakati ule dalili ziliweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, na mtu akajiona mzima kumbe anaambukiza. Mama aliogopa kumletea bibi ugonjwa.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa UVIKO-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021.

Mlipuko mwingine ukija ufanye nini? Usinune, muulize. Osha vyombo, yeye apumzike. Wakimtenga mwenzako shuleni eti mama yake anauguza wagonjwa, watetee yeye na mama yake. Na wewe ukiwa na hofu, usikae nayo moyoni: mwambie mtu mzima unayemwamini.