Baraka: Kabla ya kubonyeza « endelea », angalia kwanza tarehe ya simu

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mjini Baraka, sola hazipati jua na simu nyingi huzimika kabisa. Siku ya tatu mwenye simu anaiwasha, ananunua mega, anataka kusoma habari au kufungua barua-pepe yake. Badala ya ukurasa anakutana na alama nyekundu na maneno ya Kifaransa: « Votre connexion n'est pas privée », yaani muunganisho wako si wa siri. Chini yake kuna maandishi madogo, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kuna anayedhani mtandao umeharibika, na kuna anayedhani mega zake zimeibwa. Mwingine anatafuta mahali pa kuruhusu kuendelea, anabonyeza, na hafikirii tena jambo hilo.

Mara nyingi kosa haliko kwenye mtandao wala kwenye ukurasa. Simu iliyokaa muda mrefu bila moto, hasa ya zamani yenye betri iliyochoka, inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Simu inayoamini kwamba leo ni Januari 2015 haiwezi kukubali cheti kilichotolewa mwezi jana.

Anayesafiri kwa barabara ya kitaifa namba 5 kutoka Uvira hadi Baraka ataelewa haraka. Kwenye kizuizi askari anaomba karti ya uchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitambulisho cha Mkongomani. Anatazama jina, anatazama nani aliyeitoa. Ukurasa wowote ambao anwani yake inaanza na https unapita kizuizi cha namna hiyo: unaonyesha simu cheti chake cha usalama, na simu inachunguza mambo matatu, yaani jina la ukurasa, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na mamlaka iliyotia muhuri. Sasa kama kalenda ya askari mwenyewe imekosea, atawarudisha wasafiri wote, hata wenye karti safi.

Dawa yake haina gharama. Katika simu za Kifaransa ni kuingia Paramètres, kisha Date et heure, na kuacha simu ichukue saa kwenye mtandao yenyewe. Wapo wanaozima huduma hiyo kwa sababu ukiwa kando ya Ziwa Tanganyika simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania, na saa ikaruka mbele kwa saa moja. Kinshasa nako iko nyuma ya Kivu kwa saa moja. Lakini tofauti hiyo haiharibu kitu: simu ikijua iko katika eneo gani la saa, inapiga hesabu yenyewe. Kinachoharibu ni siku, mwezi na mwaka.

Tatizo hilohilo huwafikia wanaokusanya habari za wakimbizi na wahamaji kwa programu kama KoboCollect. Fomu zimejazwa kutwa nzima, jioni zinagoma kutumwa, na lawama zinaenda kwa mtandao. Kabla ya kufuta programu na kuiweka upya, jambo ambalo linaweza kupoteza fomu zote, ni heri kutazama tarehe ya tableti.

Kuna simu ambazo tarehe yake ni sahihi na bado zinakataa. Hapo maandishi huwa tofauti: NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Maana yake simu haiijui mamlaka iliyotia muhuri. Sababu moja ni umri wa simu. Let's Encrypt, shirika la Marekani linalotoa vyeti bure na linalotumiwa na mamilioni ya kurasa duniani, lilitangaza mwaka 2020 kwamba asilimia 33.8 ya simu za Android zilikuwa na toleo la kabla ya 7.1, ambalo halikuwa na muhuri wake mpya. Muhuri wa zamani uliisha tarehe 30 Septemba 2021. Njia ya muda ilipatikana ili simu hizo zisiachwe njiani, nayo ikaisha Septemba 2024. Katika masoko yetu, ambako simu hupita mikono mitatu au minne, toleo la Android ni swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kuhesabu franka.

Ila muhuri usiojulikana unaweza pia kuwa wa mtu aliyejiweka katikati, kati yako na ukurasa, ili asome unachoandika. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka raia waweke cheti chake katika simu zao. Google, Mozilla na Apple walikizuia, kwa kuwa kilitoa nafasi ya kusoma mawasiliano yaliyofichwa. Kwa hiyo simu ikiwa si ya zamani, tarehe ikiwa sahihi, na onyo bado lipo, usiandike neno la siri hapo.

Vijana wanaotengeneza kurasa za intaneti wanakutana na mtu wa katikati kwa namna nyingine, kwani wao humleta wenyewe. Fundi anayetaka kujua kama ukurasa wa shule au wa redio utahimili watu elfu moja kwa pamoja, tuseme siku ya matokeo ya mtihani, hutumia programu kama JMeter ya Apache. Ni ya bure, imekuwapo tangu 1998, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kwanza inarekodi safari ya mgeni mmoja ndani ya ukurasa, kisha inairudia kana kwamba wageni ni mamia.

Ili irekodi kurasa za https, JMeter hukaa katikati na kutengeneza cheti chake yenyewe, faili iitwayo ApacheJMeterTemporaryRootCA.crt. Chrome au Firefox hukikataa, na ndivyo inavyotakiwa. Fundi lazima akiingize kwa mkono wake. Hapo ndipo siku nzima inaweza kupotea. Anakiweka ndani ya Windows huku anatumia toleo la zamani la Firefox, ambalo linategemea orodha yake lenyewe ya mamlaka. Au jana kila kitu kilikwenda na leo kimekataa: kwa kawaida cheti hicho kinaishi siku 7 tu, baada ya hapo JMeter inatengeneza kingine, na cha zamani inabidi kiondolewe, kipya kiwekwe. Anayejaribu kurekodi programu ya simu atagonga ukuta mwingine, kwa sababu tangu Android 7 programu nyingi hazikubali cheti kilichowekwa na mwenye simu.

Mtego mkubwa zaidi uko mahali pasipo na onyo lolote. JMeter inapotuma wageni wake wa bandia haichunguzi cheti cha ukurasa, inakubali chochote. Hivyo cheti kinaweza kuwa kimeisha muda, majibu yote yakarudi ya kijani, fundi akamwambia mteja kwamba ukurasa uko tayari, na asubuhi ya matokeo wazazi wa Fizi wakakutana na alama nyekundu. Vyeti vya Let's Encrypt huishi siku 90, na kwa utaratibu uliopitishwa mwaka 2025 hakuna cheti cha ukurasa kitakachoruhusiwa kuzidi siku 47 kuanzia Machi 2029. Fundi anayetegemea kukumbuka kwa kichwa atachelewa. Seva ipangwe ijihuishie cheti yenyewe. Na kabla ya kutangaza anwani, ukurasa ufunguliwe pia kwa simu kongwe ya kuazima.

Jaribio likiisha, cheti cha JMeter kitolewe, hasa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Ndani ya folda ya bin kunabaki faili nyingine, proxyserver.jks, yenye ufunguo wa siri wa cheti hicho. Maadamu cheti bado kiko hai, aliyeinakili faili hiyo na kupata neno lake la siri anaweza kujifanya ukurasa wowote mbele ya masini hiyo, hata wa benki, na hakuna alama nyekundu itakayotokea.