Lori la kale hufufuliwa kwa namba kabla ya spana

Katika yadi ya chuma chakavu, lori huuzwa kwa kilo. Mnunuzi haulizi liliundwa mwaka gani, lilibeba nini, wala nani alilala chini yake akisubiri kipuri, huuliza uzito. Hivyo ndivyo yanavyotoweka malori ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyobeba uchumi wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mengi hayakufia barabarani, yaliishia tanuruni.

Kwingineko mambo ni tofauti. Nchini Uingereza, msafara wa magari ya kale ya biashara kutoka London hadi Brighton, ulioanza mwaka 1962, umekuwa desturi inayokusanya watu barabarani kutazama malori ya bia, ya makaa na ya samani yakipita kwa mwendo wa kobe. Nchini Italia, wakusanyaji huthamini sana Fiat 682. Lori hilo la Kiitalia lina historia ndefu katika ukanda huu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Safari ya jehanamu

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila idhini ya Uingereza. Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake katika reli ya Rhodesia, ilijikuta imefungiwa mlango. Mafuta yalianza kupelekwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, lakini ndege haziwezi kulisha migodi ya nchi nzima. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia, pamoja na mshirika wa Kiitalia, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaingia barabarani. Yalikwenda na mafuta na bidhaa, yakarudi bandarini na shaba.

Njia hiyo ilizidi kilomita 1,800, na sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Kwenye mteremko wa Kitonga, kabla ya kufika Iringa kwa anayetoka Dar es Salaam, lori lililokosa breki halikuwa na pa kukimbilia. Madereva waliozungumza Kiingereza waliipa njia hiyo jina la safari ya jehanamu.

Malawi nayo ilikuwa na sehemu yake. Reli kutoka bandari ya Beira ilifika Salima, na kutoka hapo mapipa ya mafuta yalipakiwa kwenye malori yaliyoelekea Chipata na Lusaka kwa barabara ya Lilongwe. Wakati huo Lilongwe ulikuwa mji mdogo. Ulifanywa mji mkuu mwaka 1975. Anayesimama leo kando ya barabara ya Mchinji anatazama njia hiyohiyo.

Kisha kazi ile ikapungua. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kutumika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakamilika mwaka 1975. Lori linaloachwa na kazi kubwa halistaafu. Huuzwa kwa mwenye shamba, kisha kwa mpasua mbao, kisha kwa yeyote aliye na mzigo na uvumilivu.

Kwa nini Fiat? Aina ya 682 ilizaliwa mwaka 1952, ikiwa na injini ya dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa zaidi ya lita 10, na iliendelea kuundwa hadi miaka ya 1980. Ilikuwa na sifa moja inayoshangaza. Italia huendesha magari upande wa kulia wa barabara, lakini malori yake makubwa ya enzi hizo yaliwekwa usukani upande huohuo wa kulia, ili dereva auone vyema ukingo wa barabara za milimani. Basi lori lililotengenezwa kwa kuhofia makorongo ya Alps likafika Tanzania, Zambia na Malawi, nchi zinazoendesha upande wa kushoto, bila haja ya kuhamisha usukani.

Kusaka mifupa

Anayelitafuta lori la aina hiyo hatafuti lori zima. Hutafuta mifupa yake, na mara nyingi imetawanyika. Injini huenda imefungwa kwenye magogo na inazungusha mashine ya kusaga mahindi. Ekseli imegeuzwa kuwa ya mkokoteni wa ng'ombe, ule ambao Wachewa huuita ngolo. Kabini ni banda la kuku. Anayefika kwenye soko kama la Mitundu, kusini mwa Lilongwe, akauliza lori la zamani liko wapi, huenda asipate jibu. Akiuliza chuma hiki kilitoka wapi, mazungumzo huanza. Na ajue kuuliza kwa majina yote: lori kwa Mtanzania, kamio kwa Mkongomani, lole kwa Mchewa.

Kati ya mifupa hiyo, wenye thamani kuu ni chasisi, kwa sababu ndiyo inayobeba jina. Injini hubadilishwa, kabini hupondeka na kubadilishwa, lakini tarakimu zilizogongwa kwenye chuma cha chasisi, aghalabu sehemu ya mbele, hubaki chini ya kutu na grisi. Husafishwa kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, si kwa mashine ya kusagia chuma, ambayo huweza kuzifuta kabisa. Kibati cha kiwanda kilichopigiliwa ndani ya kabini nacho kina namba, ila kibati hung'olewa na kuhamishwa. Namba mbili zisipofanana, mnunuzi ana haki ya kushuka bei au kuondoka.

Namba ikisomeka, kumbukumbu za kiwanda huanza kusema. Jumba la makumbusho la magari ya biashara la Uingereza, lililoko katika mji wa Leyland, huhifadhi nyaraka za kampuni ya Leyland. Za Albion, kampuni ya Glasgow yenye nembo ya jua linalochomoza, ambayo Leyland iliinunua mwaka 1951, ziko Biggar, Scotland. Fiat ina hazina yake ya historia mjini Turin. Rekodi ya chasisi inaweza kuonyesha lori liliondoka kiwandani lini na lilipelekwa kwa nani.

Lipi ndilo la asili?

Hapa wakusanyaji hugombana. Wa Ulaya hupenda lori lirudi lilivyotoka kiwandani, rangi kwa rangi. Kwa lori la Afrika hoja hiyo ina kasoro. Viwanda vingi viliuza chasisi na kabini tu, wakati mwingine chasisi na injini bila kabini, na bodi ikajengwa na maseremala na wachomeleaji wa huku. Bodi ya mbao yenye maandishi ya mchoraji wa mtaani si uharibifu uliolipata lori baada ya kuzaliwa. Mara nyingi ndiyo bodi pekee lililowahi kuwa nayo. Kuivua ili kuweka bodi iliyonakiliwa kutoka picha ya Ulaya ni kulifuta lori historia kwa jina la kuilinda.

Kazi yenyewe huanza polepole. Injini iliyoganda hailazimishwi kwa kuvutwa na gari jingine. Nozeli hutolewa, dizeli humiminwa ndani ya silinda na kuachwa siku kadhaa, kisha injini huzungushwa kwa mkono kidogo kidogo. Pampu ya dizeli hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipima. Gasketi hukatwa kwa mkono.

Hatari kubwa iko kwenye magurudumu. Ringi za malori ya zamani zina pete ya chuma inayoshikilia tairi. Ikiwa na kutu au haikukaa sawa, huweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua aliye mbele yake. Tairi hiyo hujazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, fundi akiwa pembeni. Vumbi la breki za zamani nalo huweza kuwa na asbesto, inayosababisha saratani, hulowanishwa, halipulizwi.

Mwenye lori na mwenye ujuzi

Kwa Mkongomani au Mrundi anayeishi Dzaleka, wilayani Dowa, kuna jambo zito kuliko pampu. Malori mengi ya mashariki mwa Kongo yaliachwa na wenyewe walipokimbia vita. Lori lililoachwa si lori lisilo na mwenyewe. Anayelinunua bila kadi ya gari, au bila hati ya mauziano kutoka kwa mmiliki au warithi wake, ananunua kesi. Na aliyeliacha afanye nini? Atunze chochote kilichosalia: kadi, stakabadhi ya bima, hata picha ya zamani inayoonyesha namba za usajili.

Ujuzi nao umefungiwa. Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 huku ikijitenga na baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea. Fundi aliyejifunza kazi katika gereji ya Bukavu au Bujumbura, anayetambua giaboksi ya Fiat kwa sauti, hawezi kwenda tu Lilongwe kuajiriwa kwa ujuzi huo.

Wakati huohuo mizani ya chuma chakavu inaendelea kupima. Nchini Kenya biashara hiyo ilisitishwa Januari 2022, ikaruhusiwa tena Mei mwaka huohuo, lakini zuio hilo lililenga wizi wa nyaya na vyuma vya umeme, si kuokoa malori. Anayeona chasisi ya kale ikipakiwa kwenda yadini anaweza angalau kuomba dakika tano, asugue sehemu ya mbele kwa brashi, apige picha ya namba, na aandike jina la kijiji lilikotoka pamoja na jina la dereva wake wa mwisho.